Barua ya Wazi kwa Wapiga Kura wa Tuzo za Besiboli: Mdakaji Naye Apimwe

Kwa wanachama wa BBWAA, Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, na hasa ninyi mnaopigia kura tuzo za Ligi ya Amerika, moja ya zile mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli.

YAH: MAHALI PA MDAKAJI KATIKA KARATASI YENU YA KURA

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu za heshima.

Tarehe 13 Novemba 2025 nilitega saa iniamshe saa kumi kasoro robo alasiri. Nafanya kazi usiku ghalani huku Kent, kusini mwa Seattle, kwa hiyo mchana wangu ndio usiku wangu, lakini siku hiyo nilikuwa radhi kuukatiza usingizi. Mlikuwa mnatangaza tuzo ya MVP ya Ligi ya Amerika, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote. Matokeo mnayajua, ila nayaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu watakaoisoma barua hii. Aaron Judge wa New York Yankees alipata pointi 355. Cal Raleigh, mdakaji wa Seattle Mariners, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuipokea mipira ya mtupaji, alipata 335. Kati yenu wapiga kura 30, 17 walimweka Judge wa kwanza na 13 wakamweka Raleigh, na kila aliyemtanguliza mmoja alimweka mwenzake wa pili. Kwa hesabu yenu ya pointi 14 kwa nafasi ya kwanza na 9 kwa ya pili, wawili tu kati ya wale 17 wangegeuza karatasi zao, ingekuwa sare.

Sikuandika siku ile. Nilikuwa na uchungu, na barua ya uchungu humdhalilisha aliyeiandika kabla ya kumfikia anayeandikiwa. Nimekaa nayo kipindi chote cha baridi. Nimerudia takwimu, nimesoma maelezo ya wale kati yenu waliopata muda wa kueleza kura zao, nimebishana na watu ninaowaheshimu. Sasa msimu wa 2026 uko mlangoni, nami naandika nikiwa nimetulia.

Kwanza nimpe Judge haki yake. Alipiga kwa wastani wa 0.331, yaani mapigo 331 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 1,000, hakuna aliyemzidi katika ligi nzima, akapiga homurani, yaani akaivusha mipira ukutani, mara 53. Mtu wa kimo kile, anayetupiwa mipira mibaya makusudi kwa sababu watupaji wanamwogopa, kuongoza kwa wastani na bado kupiga homurani 53 ni jambo ambalo wajukuu zetu watasimuliwa. Mtu akiniambia alimpigia kura Judge, sioni kwamba amekosea kusoma takwimu. Ninachoona ni kwamba karatasi aliyopewa haikumuuliza swali lote.

Sasa niwaeleze mimi ni nani, maana shauri hili limenianzia mbali. Nimezaliwa Tanga. Shuleni nilikuwa golikipa. Wasomaji wangu wa Kiswahili wanajua magazeti ya kwetu humwita kipa mdaka mishale, na jina hilo lilinivutia kabla sijajua kwamba anayepewa jina hilo ndiye anayelala chini kwenye vumbi huku anayebebwa begani ni mwingine. Nilipofika Marekani nikiwa mtu mzima, besiboli ilinishinda. Niliona watu wamesimama tu uwanjani. Kilichonifungulia mchezo ni yule mtu mmoja aliyechuchumaa nyuma ya bamba la nyumbani, amevaa barakoa na kinga ya kifua, uso wake umeelekea upande ambao wenzake wote wameupa mgongo. Nikasema moyoni, huyu ni kipa. Kuanzia hapo nikawa namtazama yeye tu, na kwa kumtazama yeye nikauelewa mchezo wote.

Miaka kadhaa sasa tuna kikundi chetu, Waswahili tunaoishi hapa na miji ya jirani. Yumo ndugu wa Bukavu, yumo dada wa Mombasa, wamo vijana wawili wa Bujumbura waliokulia hapa, wanaotuzidi wote kwa kujua sheria. Mwishoni mwa Septemba hukutana kwa pilau na kuchagua washindi wetu wa msimu, na tunachagua wa Divisheni ya Magharibi ya Ligi ya Amerika peke yake: Seattle, Houston, Texas, Angels na Athletics. Hatuendi nje ya hapo kwa sababu moja, nayo nadhani ni ya maana: hizo ndizo timu tunazoziona. Kila timu hukutana na jirani yake wa divisheni mara 13 kwa msimu, na mechi za jioni za huku huanza saa kumi na mbili na dakika arobaini, ambayo kwa New York ni karibu saa nne usiku. Hatutaki kumpima mtu tuliyemwona kwenye vipande vya video tu.

Kikundi chetu kina sharti moja: kura isiyo na sababu haihesabiwi. Unasimama, unamtaja mtu wako, unaeleza kwa nini, wenzako wanakuuliza. Ukikwama, unakaa chini ufikiri upya.

Msimu wa 2025 mtupaji bora hakutusumbua sana. Hunter Brown wa Houston aliruhusu wastani wa pointi 2.43 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, nanyi mlimweka wa tatu katika ligi nzima kwenye Cy Young, tuzo ya mtupaji bora. Ndugu wa Bukavu alimtetea Jacob deGrom, ambaye baada ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko mara ya pili alirudi akiwa na umri wa miaka 37, akaanza mechi 30 kwa Texas. Tulimsikiliza kwa heshima, lakini Brown akashinda. Chipukizi bora alikuwa Nick Kurtz wa Athletics. Tarehe 25 Julai kule Houston alipiga homurani nne katika mechi moja, chipukizi wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya ligi kuu, na jambo hilo lilimaliza ubishi tangu kiangazi.

Ubishi wa kweli ulikuwa juu ya Raleigh, na hapo ndipo barua hii ilipozaliwa. Si kwamba kulikuwa na mpinzani. Katika divisheni yetu hakukuwa naye. Dada wa Mombasa alisimama akamtaja Raleigh, akaanza kusoma: homurani 60, mtu wa saba tu katika historia kuzifikia. Rekodi ya mdakaji, iliyokuwa 48 za Salvador Perez tangu 2021, ameivunja. Rekodi ya mpigaji wa mikono miwili, yaani anayeweza kupiga akisimama upande wa kulia au wa kushoto, iliyokuwa 54 za Mickey Mantle tangu 1961, ameivunja. Rekodi ya Seattle ya 56, ambazo Ken Griffey Jr. alizipiga mara mbili, mwaka 1997 na 1998, ameivunja. Homurani ya 60 aliipiga tarehe 24 Septemba dhidi ya Colorado, usiku uleule ambao Mariners walitwaa divisheni kwa mara ya kwanza tangu 2001. Alipomaliza, kijana mmoja wa Bujumbura akamuuliza kwa upole: “Dada, hizo zote ni za gongo. Glavu yake umeiweka wapi?”

Dada alinyamaza. Sisi sote tulinyamaza. Watu tuliokuwa tukimpenda mdakaji yule kwa udakaji wake tulikuwa tumemhesabu kama mpigaji aliyebahatika kuvaa barakoa.

Waheshimiwa, naamini hilohilo ndilo lililowatokea ninyi.

Mnajua mdakaji anafanya nini, lakini vumilieni nilieleze tena, kwa sababu wengi watakaosoma hapa hawajui. Mtupaji anasimama umbali wa meta 18.44, anatupa mpira unaoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Mdakaji amechuchumaa mbele yake. Kabla ya kila mpira yeye ndiye anayependekeza utupwe upi na uelekezwe wapi. Ana sekunde chache tu za kuamua, kwa kuwa tangu 2023 kuna saa inayohesabu. Lazima akumbuke mpigaji huyu alifanya nini mara ya mwisho, mtupaji wake amechoka kiasi gani, ni nani anayejiandaa kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujapigwa. Mpira ukidunda chini anautupia mwili wake. Ukikwaruzwa na gongo unamgonga shingoni, begani, kwenye barakoa. Kisha anasimama, anamrudishia mtupaji mpira, anachuchumaa tena. Anafanya hivyo zaidi ya mara mia moja kwa usiku mmoja. Halafu awamu ikigeuka anavua kinga zake, anachukua gongo, anatakiwa apige sawa na mtu ambaye muda wote huo alikuwa amesimama kwenye majani.

Raleigh alicheza mechi 159 kati ya 162, na zaidi ya 115 kati ya hizo alianzia nyuma ya bamba. Homurani zake 49 alizipiga siku ambazo magoti yake yalikuwa kazini hivyo. Mtupaji wa Mariners, Bryan Woo, alianza mechi 25 za kwanza za msimu bila hata mara moja kutoka uwanjani kabla ya kumaliza awamu sita. Woo alisifiwa, na ilimstahili. Lakini mtupaji hafiki awamu ya sita mara 25 mfululizo bila kuwa na mtu mbele yake anayemchagulia mipira kwa busara. Mtu huyo ana sehemu gani katika hesabu yenu?

Nilikwenda kuitafuta sehemu hiyo kwenye kanuni. Maelezo mnayopewa pamoja na karatasi ya kura hayajabadilika tangu 1931, mwaka chama chenu kilipoanza kutoa tuzo hii. Yanasema hakuna maana moja iliyo wazi ya neno thamani, na kwamba kila mpiga kura ajiamulie. Yanataja nguvu ya mchezaji katika mashambulizi na ulinzi, idadi ya mechi alizocheza, tabia yake, uaminifu wake na juhudi. Maneno mazuri. Nimeyasoma mara nyingi na nayapenda. Lakini neno ulinzi limeachwa lilivyo, na waliposema ulinzi mwaka 1931 hapakuwa na kamera za kupima kila mpira ulipopita. Leo zipo. Ulinzi wa mchezaji wa pembeni tunaupima kwa hatua alizokimbia na mipira aliyoidaka. Wa mdakaji umebaki kuwa kitu kinachosifiwa kwenye hotuba na kusahauliwa wakati wa kujumlisha.

Tazameni wadakaji waliopata MVP katika karne hii. Ni wawili: Joe Mauer wa Minnesota mwaka 2009 na Buster Posey wa San Francisco mwaka 2012. Mauer mwaka ule alipiga kwa wastani wa 0.365, wa kwanza katika ligi yake. Posey alipiga kwa 0.336, wa kwanza katika ligi yake. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kupiga mwaka waliposhinda. Hakuna mdakaji aliyepewa tuzo katika miaka hii ishirini na mitano kwa sababu ya mambo aliyoyafanya akiwa amechuchumaa. Mlango uko wazi kwa mdakaji, naam, ila sharti aingie kama mpigaji. Raleigh alikuja na wastani wa 0.247 na homurani 60, na alipofika mlangoni alikuta mtu mwenye wastani wa 0.331.

Wengi wenu mlitegemea kipimo cha WAR, kinachokadiria timu ilipata ushindi mingapi zaidi kwa kuwa na mchezaji huyu badala ya wa kawaida aliye benchi. Ni kipimo cha busara, nami nakitumia. Lakini hapa kilisema mambo mawili tofauti. Tovuti mbili za takwimu hazikukubaliana: FanGraphs walimpa Judge 10.1 na Raleigh 9.1, tofauti ya ushindi mmoja. Baseball-Reference walimpa Judge 9.7 na Raleigh 7.4, tofauti ya zaidi ya miwili. Wachezaji ni walewale, msimu ni uleule. Sehemu kubwa ya kutoafikiana huko inatokana na kazi ya mdakaji: FanGraphs wanahesabu ustadi wa kuupokea mpira ulio ukingoni kwa mkono uliotulia hadi mwamuzi auone kuwa straiki, yaani mpira halali unaohesabiwa dhidi ya mpigaji. Baseball-Reference hawauhesabu.

Kwa hiyo mpiga kura aliyefungua ukurasa mmoja aliona wachezaji wanaokaribiana, na aliyefungua mwingine aliona mmoja amemwacha mwenzake mbali. Sijui nani alifungua upi. Ila nasema tuzo iliyoamuliwa na watu wawili au watatu kati ya 30 haifai kutegemea jambo hilo, na karatasi yenu haikumkumbusha yeyote kwamba jambo hilo lipo.

Kuna upande wa pili ambao katika mijadala niliyoisikia uligusiwa juujuu. Judge aliumia kiwiko mwishoni mwa Julai. Alirudi mapema Agosti, lakini kwa mwezi mzima akawa anapiga tu bila kukaa uwanjani kulinda, mpaka Septemba aliporudi upande wa kulia. Simlaumu, mtu aliyeumia na bado akaisaidia timu yake anastahili heshima. Nasema tu kwamba kanuni ya 1931 inaposema mashambulizi na ulinzi, mwezi huo ulipaswa kuwekwa mezani, na upande wa pili wa meza yakawekwa magoti ya Raleigh ya mwezi huohuo.

Najua kuna watakaosema ninalia kwa sababu naishi karibu na Seattle. Wahenga wa kwetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na kweli hapa kwetu Raleigh ametunzwa vya kutosha. Watoto wa shule wanavaa jezi yake siku za baridi. Siwaombi mumtunze kwa niaba yetu. Wala siamini yale yanayosemwa huku, kwamba waandishi wa mashariki hulala mapema na kuwasahau wachezaji wa magharibi. Ushahidi unakataa. Mike Trout alishinda mara tatu akiwa Angels, mwaka 2014, 2016 na 2019. Shohei Ohtani mlimpa kura zote za kwanza mwaka 2021 na tena 2023, huku Angels wakipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Kurtz mlimpa kura zote 30 za chipukizi bora, na timu yake inachezea West Sacramento, kwenye uwanja wa ligi ndogo, baada ya kuondoka Oakland. Anayeweza kumwona Kurtz pale anaweza kumwona mtu yeyote popote. Kura mnazigawa kwa haki, waandishi wawili kwa kila mji wenye timu, na tangu 2012 kila karatasi mnaiweka hadharani. Naheshimu hilo sana. Tatizo langu halihusu mji.

Wengine wamependekeza iundwe tuzo ya wadakaji peke yao, kama watupaji walivyopata Cy Young mwaka 1956. Naomba msifanye hivyo. Kipa anajua mwisho wa njia hiyo. Katika historia nzima ya Ballon d'Or, golikipa aliyewahi kuipata ni mmoja, Lev Yashin, mwaka 1963. Mwaka 2019 waandaaji walianzisha tuzo ya makipa na kuipa jina la Yashin. Walikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini sasa kila anayeuliza kwa nini kipa hapati tuzo kubwa anaonyeshwa ile ndogo iliyo pembeni. Watupaji nao yamewapata: mmoja akiwa na msimu wa ajabu, kuna mpiga kura atakayesema ana tuzo yake, ingawa maelezo yenu yanatamka wazi kwamba watupaji wanastahili MVP kama wengine. Msimjengee mdakaji chumba cha uani. Mpimeni sebuleni pamoja na wenzake.

Wakati wa kurekebisha ni sasa, na sababu iko kwenye kanuni mpya za mchezo. Kuanzia msimu wa 2026 timu itaweza kupinga uamuzi wa mwamuzi juu ya boli (mpira uliokosa eneo halali) na straiki, na kamera zitatoa jibu palepale. Kila timu inaanza mechi na nafasi mbili za kupinga, na ikipinga kwa usahihi haipotezi nafasi. Wanaoruhusiwa kupinga ni watu watatu tu: mpigaji, mtupaji na mdakaji. Kati ya hao, mdakaji ndiye anayeona vizuri zaidi mpira ulipopita. Kazi yake imebadilika. Mkono uliotulia bado utakuwa na faida, kwa kuwa mipira mingi haitapingwa, lakini juu yake limeongezeka jicho: kujua mpira upi umeonewa, na kujua kama awamu hii inafaa kutumia nafasi au kuitunza. Kwa mara ya kwanza, sehemu ya akili ya mdakaji itaonekana kwenye ubao wa uwanja, mbele ya kila mtu, kwa jibu la ndiyo au hapana. Mkiingia msimu huo na karatasi ya 1931 bila kuongeza neno, mwezi Novemba tutakuwa na takwimu mpya ambayo kila mmoja ataipa uzito wake, au hataipa kabisa.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba muongeze sentensi moja kwenye maelezo ya kura, inayosema kwamba ulinzi wa mdakaji ni pamoja na kuupokea mpira, kuuzuia, kumwongoza mtupaji, kuwadhibiti wakimbiaji na kupinga maamuzi, na kwamba mpiga kura anatarajiwa kuyazingatia. Msiwaambie uzito wake uwe kiasi gani. Waachieni uhuru wao; nisingependa kuona kura 30 zinazofanana. Wakumbusheni tu kwamba kazi hiyo ipo, kama vile maelezo yanavyowakumbusha leo kwamba mchezaji si lazima atoke kwenye timu iliyofuzu.

Na ninaomba sababu. Mistari mitano tu kutoka kwa kila mpiga kura, ichapwe pamoja na karatasi yake: kwa nini wa kwanza ni wa kwanza. Ninyi ni waandishi, kuandika ni kazi yenu. Baadhi yenu mlieleza mwaka huu, na maelezo yenu yalinituliza hata pale tulipotofautiana. Mmoja alieleza kwamba alipanda na kushuka hadi siku ya mwisho, nikamwamini, na kura yake kwa Judge haikuniuma tena. Wanaouma ni walionyamaza. Kwenye kura ya mwaka 2025 ya Jumba la Mashujaa, linaloenzi wachezaji bora waliostaafu, Ichiro Suzuki, nyota wa zamani wa Mariners, alipata kura 393 kati ya 394. Mtu mmoja alimwacha Ichiro, na sababu hatujaambiwa. Huenda alikuwa nayo nzuri. Katika kikundi chetu cha pilau tungemsikiliza mpaka mwisho.

Tarehe 10 Oktoba, kura zenu zikiwa zimeshafungwa kwa kuwa hupigwa kabla ya mtoano kuanza, Mariners walicheza na Detroit awamu 15, karibu saa tano nzima, mechi ya kuamua nani aendelee. Raleigh alidaka awamu zote 15. Nilikuwa kwenye mapumziko kazini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye boksi, wenzangu wa zamu wamenizunguka. Wengi wao hawafuatilii mchezo huu. Jorge Polanco alipopiga mpira ulioleta ushindi wa 3 kwa 2, wote walimshangilia Polanco, na ni haki yake. Mimi nilikuwa namtafuta Raleigh kwenye kioo kile kidogo, nimwone akisimama.

Afrika Mashariki wako watoto wanaomtazama vilevile. Uganda ilipeleka timu ya Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Na wengi wameona video za Dennis Kasumba, kijana wa Kiganda aliyejifua kwa matairi ya gari na vifaa alivyovipata, hadi mwaka 2023 akafika Marekani kuichezea timu ya Frederick Keys. Kijana yule angeweza kujifunza nafasi yoyote. Alichagua kuchuchumaa.

Sentensi niliyoipendekeza hapo juu nimewatumia pia kwa Kiingereza kwa barua ya kawaida, nikiomba iwafikie kabla mechi za kwanza hazijachezwa. Huku kwetu tumeshakubaliana: mwaka huu kila atakayemtaja mdakaji ataanza na glavu yake, homurani atazitaja baadaye.

Wenu katika mchezo,
Kipa wa zamani wa Tanga,
Kent, jimbo la Washington